Selimundu: Mzazi afanye nini majibu ya mtoto yanapokuwa na utata?

KARATASI ya maabara iliyoandikwa neno "chanya" huweza kumnyima mzazi usingizi kwa wiki kadhaa, ilhali haijasema bado kama mtoto wake ni mgonjwa.

Hali hiyo huwapata wazazi ambao watoto wao wamepimwa selimundu kwa kipimo cha haraka. Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka.

Kipimo cha haraka huonyesha tu kuwa chembe nyekundu za damu zinaweza kujikunja mfano wa mundu. Hakitofautishi mtoto aliyerithi kinasaba kimoja, ambaye kwa kawaida huishi bila maradhi, na yule aliyerithi viwili, ambaye ndiye mgonjwa.

Utata huzidi kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Damu yake bado ina himoglobini nyingi aliyotoka nayo tumboni, hivyo kipimo hicho huweza kuonyesha "hasi" naye ni mgonjwa. Aliyeongezewa damu karibuni naye hubeba chembe za mchangiaji, na hushauriwa kusubiri takriban miezi mitatu kabla ya kupimwa.

Jibu la uhakika hutolewa na kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ambacho hakipatikani katika kila kituo. Kutoka Lizaboni, mjini Songea, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Hata hivyo, mzazi hana sababu ya kufunga safari kabla ya kuuliza hospitali ya mkoa, kwa kuwa sampuli ya damu huweza kusafirishwa na mtoto akabaki nyumbani.

Wakati wa kusubiri si wa kukaa bure. Mtoto apate chanjo zote, alale ndani ya chandarua, anywe maji ya kutosha na akingwe na baridi. Homa yoyote, weupe wa viganja, kuvimba mikono na miguu au uvimbe wa ghafla wa bandama, upande wa kushoto wa tumbo, ni sababu ya kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Akithibitika kuwa mgonjwa, daktari humwanzishia penisilini ya kinga hadi afikishe miaka mitano, na huweza kumpa haidroksiyurea ya kupunguza maumivu.

Mzigo mwingine ni lawama. Mama husingiziwa kuleta ugonjwa katika ukoo, au jirani hutajwa kuwa mchawi. Ukweli ni kwamba mtoto mgonjwa hurithi kwa baba na kwa mama. Wazazi wenye kinasaba kimoja kila mmoja wana uwezekano wa asilimia 25, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa.

Kinasaba hicho kina historia yake. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa mwenye kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu kimeenea katika maeneo yenye mbu.

Kwa hiyo wazazi wote wawili wanashauriwa kupima pamoja, kwa faragha na mbele ya mshauri, na kuitunza karatasi ya majibu kwa ajili ya kila hospitali watakayofika.