dd (programu)

dd ni programu ndogo ya mstari wa amri inayopatikana katika Unix na mifumo ya uendeshaji inayofanana nayo, kama vile Linux, macOS na FreeBSD. Kazi yake ni kunakili data kutoka mahali pamoja hadi pengine, bloku kwa bloku, bila kujali data hizo zina maana gani. Kwa sababu hiyo hutumika kusoma sekta za diski moja kwa moja, pasipo kupitia mfumo wa faili. Hutumika pia kutengeneza taswira ya diski nzima, kuokoa data kutoka diski inayoharibika na kukusanya ushahidi katika uchunguzi wa jinai.

Historia na jina

dd ilikuwemo katika Toleo la 5 la Unix, lililotoka mwaka 1974 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani. Jina lake linatokana na tamko DD la JCL, lugha ya kupanga kazi kwenye kompyuta kubwa za IBM, ambako herufi hizo zilisimama badala ya "ufafanuzi wa data". Asili hiyo inaonekana hadi leo. Amri nyingi za Unix hupokea chaguo zinazoanza na kistari, lakini dd hupokea maneno yanayofuatwa na alama ya sawasawa, kama if= na of=. Uwezo wake wa kugeuza maandishi ya mfumo wa EBCDIC wa IBM kuwa ASCII nao ungali upo.

Sekta na mfumo wa faili

Sekta ni kipande kidogo kabisa cha diski kinachoweza kusomwa au kuandikwa kwa mara moja. Kwa miaka mingi ukubwa wake ulikuwa baiti 512. Diski nyingi za kisasa hutumia sekta za baiti 4096, ingawa nyingi kati yake bado hujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba sekta zake ni za baiti 512. Sekta huhesabiwa kuanzia 0.

Mtumiaji wa kawaida haoni sekta, bali mafaili na folda. Mfumo wa faili ndio unaotunza orodha ya sekta za kila faili, kama daftari la maktaba linavyoonyesha rafu ya kila kitabu. Faili likifutwa, kwa kawaida kinachobadilishwa ni orodha tu. Yaliyomo hubaki kwenye sekta zake hadi zitakapopewa faili jingine. Anayesoma sekta zenyewe anaweza basi kuyaona mambo ambayo mwenye kompyuta anadhani yamekwisha kutoweka.

Kusoma sekta

Katika Linux, diski huonekana kama faili maalumu, kwa mfano /dev/sda. Amri lsblk huonyesha diski zilizopo na ukubwa wake. Kusoma diski nzima huhitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Mfano ufuatao unasoma sekta ya kwanza na kuionyesha kwa heksadesimali:

sudo dd if=/dev/sda bs=512 count=1 | hexdump -C

- if= hutaja chanzo cha data
- of= hutaja mahali pa kuandika; isipotajwa, data hutokea kwenye skrini au hupelekwa kwa programu inayofuata
- bs= ni ukubwa wa bloku kwa baiti
- count= ni idadi ya bloku za kunakiliwa
- skip= ni idadi ya bloku za kuruka mwanzoni mwa chanzo
- seek= ni idadi ya bloku za kuruka mahali pa kuandika

Kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa MBR, sekta 0 ina baiti 446 za programu ya kuanzisha kompyuta, baiti 64 za jedwali lenye nafasi 4 za sehemu za diski, na mwishoni baiti 2 za utambulisho, 55 AA. Kwenye diski ya mtindo wa GPT wenye sekta za baiti 512, kuongeza skip=1 huonyesha sekta inayoanza na maandishi EFI PART.

Diski inayoharibika

Kwa kawaida dd husimama inapokutana na sekta isiyosomeka. Chaguo conv=noerror,sync huiamuru iendelee na kujaza sifuri mahali pa data iliyokosekana, ili data inayofuata ibaki katika nafasi yake sahihi. Bloku ikiwa kubwa, kosa la sekta moja huweza kupoteza data nzima ya bloku hiyo. Kwa kazi hii GNU ddrescue inafaa zaidi: husoma kwanza sehemu nzima, huweka kumbukumbu ya sehemu zilizoshindikana, kisha huzirudia.

Mipaka

Sekta ambazo dd huona ni zile ambazo diski yenyewe imekubali kuzionyesha. Sekta mbovu zilizobadilishwa na za akiba hazionekani. Kwenye SSD, amri ya TRIM huweza kusababisha data iliyofutwa isisomeke tena. Diski iliyosimbwa nayo hutoa baiti zisizoeleweka bila ufunguo.

Hatari

dd haiombi uthibitisho. Anayebadilisha kimakosa if= na of= huweza kuandika diski tupu juu ya ile aliyotaka kuiokoa, na sekta zilizoandikwa upya hazirudi. Kwa hiyo inashauriwa kuhakiki jina la diski kwa lsblk kila mara, kwani jina hilo huweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya. Taswira ihifadhiwe kwenye diski nyingine, na majaribio ya kurejesha mafaili yafanywe juu ya nakala ya taswira hiyo.

Wachunguzi wa jinai huunganisha diski kupitia kifaa kinachozuia uandishi, kisha hulinganisha thamani ya SHA-256 ya diski na ile ya taswira. Zikilingana, ni uthibitisho kwamba nakala ni sawa na asili yake.