Mkanda wa Feni na Kidole Gumba

Magari mengi ya mwanzo yalizungusha feni kwa mkanda bapa wa ngozi, ulioteleza ukilowa na kulegea ukizeeka. Mwaka 1917 John Gates, akiwa katika kampuni ya nduguye Charles mjini Denver, Marekani, alitengeneza mkanda wa mpira na nyuzi wenye umbo la V, unaojibana wenyewe ndani ya puli. Mkanda wa jamii hiyo ndio niliojifunzia kazi Ilala, Dar es Salaam, kwenye Land Rover, Bedford na Peugeot 404.

Kuukaza ulilegeza nati za dinamo, ukaisukuma nje kwa kipande cha mti, ukakaza tena, kisha ukabonyeza mkanda kwa kidole gumba pale puli zilipoachana zaidi. Ukibonyea nusu inchi hivi, inatosha. Ukilegea utapiga kelele na betri haitachaji. Ukikaza mno, unaua beringi za dinamo na za pampu ya maji. Fundi wangu hakuniruhusu kuwasha gari la mteja kabla yeye mwenyewe hajabonyeza, na namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri viliadimika. Mkanda ukikatika njiani, dereva alifunga soksi ndefu ya nailoni kwenye puli ili pampu ya maji izunguke hadi mji wa mbele. Nafuu ilianza 1984, serikali ya Tanzania iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kujaa.

Baadhi yake yalikuwa na mkanda wa aina nyingine: mpana, mrefu, wenye mistari upande wa ndani, mmoja ukizungusha karibu kila kitu. Ford Mustang ya 1979 ndiyo iliyoutangulia katika magari yaliyouzwa kwa wingi. Unadumu kuliko wa V, lakini siku ukikatika unapoteza chaji, AC, mara nyingi usukani mwepesi, na kwenye injini nyingi maji pia. Kwenye Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ unakazwa na tensiona inayojisukuma yenyewe: unaivuta kwa spana, unapitisha mkanda, unaiachia. Vijana wetu wakaona kidole gumba hakina kazi tena. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Tensiona nayo huchoka, na mkanda mpya juu ya tensiona mbovu ni fedha ya mteja iliyotupwa.

Isitoshe, Toyota IST zilizojaa Dar es Salaam zina mkanda wa mistari usio na tensiona ya kujikaza. Unasogeza altaneta kwa bolti, kazi ileile ya Land Rover.

Ukikagua mkanda, usitafute nyufa tu. Mikanda ya sasa ya mpira wa EPDM haipasuki upesi. Hulika mistari yake kimyakimya. Dukani soma namba: 6PK ni mistari sita, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Nawe mwenye gari la zamani, mkanda ukishatolewa mwombe fundi azungushe kila puli kwa mkono mbele yako. Inayokwaruza au kuchezacheza ibadilishwe siku hiyohiyo, kabla mkanda mpya haujafungwa.