Chuma Kilikuwepo, Farasi Hakuwepo

Ukilima kibanja chetu Kanazi baada ya mvua kubwa, jembe hugonga vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu kama mkate ulioungua. Utotoni tulivitumia kuangushia maembe. Wakubwa waliviita mavi ya chuma, yaani taka zilizobaki kwenye tanuri baada ya mawe kuyeyushwa, na hakuna aliyetuambia zaidi ya hapo. Vimetapakaa upande wetu, Maruku, Kemondo, na kwingine kando ya ziwa.

Shuleni nilifundishwa chuma cha watu wengine. Ulaya ya zama za kati, mwalimu alisema, ilipiga hatua ilipoanza kumvalisha farasi kiatu cha chuma kilichopigiliwa misumari kwenye kwato: mashamba yakapanuka, safari zikafupika. Tuliandika, tukajibu mtihani. Swali ambalo hakuna aliyelitamka lilikuwa jepesi tu: wakati huo sisi tulikuwa na nini?

Tulikuwa na chuma, tena kizuri. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, jirani na Maruku, mahali panapohusishwa na Omukama Rugomora Mahe, yule ambaye masimulizi yanasema aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, mnara ukaanguka. Chini ya masimulizi hayo zilikutwa dalili za kazi ya chuma iliyofanyika zamani mno. Kisha, mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo mingi walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa nusu, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani kabisa ya tanuri, wakavuta mivukuto. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba Wahaya walitengeneza pua, chuma kigumu chenye kaboni, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, na kwamba mirija ile ilipasha hewa joto kabla haijafika motoni. Wataalamu wengine walibisha. Ubishi ulihusu hewa; chuma chenyewe kilikuwa mezani.

Kwa hiyo mtu wa kufua kiatu cha farasi tulikuwa naye. Farasi ndiye hakuwepo, na aliyemzuia alikuwa mdudu. Mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce alionyesha kwamba nagana, ugonjwa unaomaliza mifugo, unabebwa na ndorobo. Kuna pia tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi wa usiku. Jeshi la Smuts liliijua adha hiyo mwaka 1916, lilipoingia Tanganyika kuwafukuza Wajerumani likiwa na wapanda farasi wa Afrika Kusini. Wanyama walikufa kwa maelfu, huku chuma kikiwa miguuni mwao. Mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi, wengi wao wakitembea miguu mitupu. Sijawahi kusoma kitabu cha shule kinachouliza viatu vya wapagazi vilikuwa wapi.

Mwaka huohuo wa 1916 alifariki Kahigi, mtawala wa Kianja, ambaye makao yake yalikuwa hapa Kanazi na ambaye Wajerumani walimkuza kuliko majirani zake. Utajiri wa himaya yake ulisafiri kwa vichwa na mabega ya watu, na kwa mitumbwi. Chuma kilienda kwenye jembe, mkuki na kisu. Sehemu nyingi za Maziwa Makuu jembe lilitolewa hata mahari.

Nilipoanza kusoma habari za kwato nilishangaa kukuta kwamba hata kwa wenye farasi, chuma kilichelewa. Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, hataji kiatu chochote. Anashauri farasi asimamishwe juu ya mawe ya mviringo ya kujaa kiganja ili kwato zikomae. Warumi walikuwa na kandambili ya chuma iliyofungwa kwa kamba na kuvuliwa. Japani walisuka viatu vya majani ya mpunga, na waliendelea navyo hadi karne ya 19. Misumari ilienea Ulaya kama miaka 1,000 tu iliyopita, katika nchi ya matope, mazizi yenye samadi mbichi na barabara za mawe, mambo yanayolainisha kwato kisha kuzisaga.

Kwato si jiwe. Farasi akikanyaga, upande wa kisigino hupanuka kidogo, damu husukumwa juu na mshindo hupungua. Chuma kilichopigiliwa huubana mwendo huo na kupeleka mtikisiko kwenye mifupa. Kwato pia huota kama kucha, karibu sentimita moja kwa mwezi, hivyo kiatu lazima king'olewe na kurudishwa kila baada ya wiki sita au nane. Ndiyo maana leo wapo wanaobandika viatu vya plastiki kwa gundi, wanaotumia alumini nyepesi, na wanaomwacha farasi peku na kumvalisha buti la raba siku ya safari tu. Mimi buti hilo naliita katambuga ya farasi. Sisi tuliovaa matairi ya magari tunaielewa hoja yake bila maelezo.

Hili limenigusa karibuni kwa sababu binamu yangu wa Muleba anataka kununua punda wawili wa kubebea ndizi hadi barabarani, na kanipigia simu kuuliza nani atamfulia viatu vyao. Nimemwambia punda wa Lamu huzunguka mji mzima bila chuma. Hospitali yao ipo tangu 1987. Ila Lamu ni mchanga. Asili ya punda ni nyika kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, na Bukoba hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hapa kwato itanyonya maji, italainika, itaoza katikati, na msumari hautashika kwenye ukuta uliolowa hivyo.

Fedha ya fundi nimemwomba aiweke kwenye sakafu: ainyanyue, amwage changarawe, atandike majani makavu ya migomba na kuyabadilisha kila siku. Anunue na tupa ya kupunguzia kwato, na amtafute bwana mifugo amfundishe kuishika. Amesema atafikiria, kisha akauliza kama yale mavi ya chuma ya Kanazi yanafaa kuwa changarawe. Nadhani yana ncha mno.