Kafara, Deni na Msamaha katika Riwaya Nne za Bara Hindi

Kiswahili kina maneno matatu ambayo msomaji wa riwaya za Bara Hindi hana budi kuyatenga: kusamehe, kukomboa na kutoa kafara. Kusamehe ni tendo la mtu aliyekosewa. Anaiacha haki yake. Kukomboa, kabla neno hilo halijavikwa maana ya kidini, ni tendo la mwenye rehani. Analipa fedha, naye anarudishiwa kitu chake. Kafara, kwa upande wake, hutolewa ili kuuondoa uchafu uliokwisha kumgusa mtu, na mara nyingi huhitaji mwenye elimu wa kuisimamia. Istilahi ya kale ya Kihindu, prayashchita, i karibu na kafara kuliko ilivyo karibu na msamaha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba riwaya nne kubwa, zilizotoka kati ya 1910 na 1965, zinaweza kusomwa kama ugomvi mrefu juu ya neno hilo: ni nani mwenye mamlaka ya kumtakasa mkosaji, naye anadai bei gani?

Tuanze na historia, kwa sababu bila hiyo riwaya zenyewe hazieleweki. Kitabu cha kale cha sheria kinachonasibishwa na Yajnavalkya kimegawanyika sehemu tatu: mwenendo, mashauri na kafara. Kafara basi ilikuwa theluthi moja ya sheria, wala haikuwa shauri la moyo wa mtu peke yake. Waliosimamia jambo hilo katika maisha ya kila siku ni mabaraza ya tabaka. Aliyefukuzwa na baraza hakuliwa naye chakula, hakuozwa, na akifa hakupata wa kumchukua. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Mohandas Gandhi. Mwaka 1888 alipokuwa akijiandaa kusafiri kwenda Uingereza, wakuu wa tabaka lake mjini Bombay walimfukuza kwa kosa la kutaka kuvuka bahari, na wakatangaza faini ya rupia moja na anna nne kwa yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini. Aliporudi mwaka 1891, kaka yake alimpeleka Nasik akaoge katika mto mtakatifu, kisha akawaandalia karamu watu wa tabaka lao mjini Rajkot. Sehemu moja ya tabaka ikampokea, nyingine ikakataa. Tuzingatie kwamba katika shauri hili lote hakuna mtu aliyekuwa amekosewa. Kulikuwa na kosa, hukumu, faini na utakaso, lakini hakukuwa na wa kuombwa msamaha.

Pengo hilo ndilo lililowavuta waandishi wa riwaya.

Rabindranath Tagore aliianza riwaya yake *Gora* katika jarida la Kibengali la Prabasi mwaka 1907, nayo ikatoka kama kitabu mwaka 1910. Gora ni kijana anayeshika desturi za Wabrahmini kwa ukali hata hali chakula katika chumba cha mama yake Anandamayi, kwa sababu mama huyo anahudumiwa na Lachmiya, mtumishi Mkristo. Baada ya kufungwa gerezani kwa kuwatetea wanyonge mbele ya hakimu Mwingereza, anajiona amechafuka, anaandaa sherehe kubwa ya kafara. Kabla haijatimia, anafunuliwa siri: yeye si Mhindu kwa kuzaliwa. Ni mtoto wa Mwayalandi, aliyezaliwa wakati wa maasi ya 1857, na mama yake mzazi alifia katika nyumba ya Anandamayi. Kafara yote inaporomoka kwa siku moja, maana hana tabaka la kurudishwa. Analofanya mwishoni ni kurudi kwa Anandamayi na kutaka Lachmiya amletee maji ya kunywa.

Maji hayo ni ombi la msamaha, japo neno lenyewe halitajwi. Hata hivyo tunaona kwamba Tagore alijirahisishia kazi. Siri ya kuzaliwa ilimwokoa shujaa wake asichague. Je, Mhindu wa kweli, asiye na baba Mwayalandi, angefanya nini? Swali hilo lilibaki wazi kwa muda wa miaka ishirini na sita, hadi lilipoangukia mikononi mwa mtu aliyewajua wakulima.

Premchand, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Dhanpat Rai, alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Lamhi karibu na Banaras. Riwaya yake *Godaan* ilitoka mwaka 1936, mwaka uleule aliofariki. Jina hilo maana yake ni zawadi ya ng'ombe: mtu anayekaribia kufa humpa Mbrahmini ng'ombe ili roho yake ivuke salama. Hori, mkulima maskini, ana tamaa moja tu duniani, naye ni ng'ombe wa kumfunga mlangoni pake. Anampata kwa mkopo. Mdogo wake Hira, kwa wivu, anamlisha ng'ombe huyo sumu na kutoroka. Hori anajua aliyefanya, lakini anakana mbele ya watu. Mkuu wa polisi anapotaka kuipekua nyumba ya Hira, Hori yu tayari kukopa fedha za hongo ili jina la nduguye lisiaibishwe. Ni mkewe Dhania anayezipokonya fedha hizo. Kisha Hori analilima shamba la Hira kwa faida ya mke wa mtoro, huku lake likingoja.

Wahakiki wengine wamemwona Hori kuwa mtu dhaifu, mtumwa wa heshima ya ukoo. Hatukatai kwamba heshima imo. Lakini tazama jinsi mwandishi anavyoweka sambamba aina mbili za hesabu. Mwana wa Hori, Gobar, anampa mimba Jhuniya, mjane wa tabaka jingine, kisha anakimbilia mjini. Hori na Dhania wanamkaribisha msichana huyo. Wanatenda wema, na kwa wema huo baraza la kijiji linawatoza rupia 100 taslimu pamoja na mauni 30 za nafaka. Hori anabeba mavuno yake mwenyewe kichwani na kuyapeleka, na nyumba anaiweka rehani. Hapo ndipo neno letu kukomboa linaporudi katika maana yake ya asili: mtu anaukomboa utu wake kwa watu wasiokosewa chochote, na anaingia katika deni asilotoka tena. Dhania peke yake ndiye anayesema wazi kwamba huo ni unyang'anyi.

Mahali pakali kuliko pote ni kisa cha Matadin, mwana wa kasisi Datadin. Kijana huyu anaishi na Siliya, mwanamke wa Wachamar, watu wa kazi ya ngozi wasioguswa, lakini hali chakula cha mkononi mwake. Ndugu za Siliya wanamkamata na kumtia mfupa mdomoni: kama hamwezi kutufanya sisi Wabrahmini, basi sisi tutawafanya ninyi Wachamar. Baba anatumia mamia ya rupia, wataalamu wa Kashi wanaitwa, Matadin anakula mavi ya ng'ombe na kunywa mkojo wake. Kwa sheria amekuwa safi. Lakini watu bado wanaviepuka vyombo vyake. Kafara imelipwa yote na haikununua kitu. Mwishowe anaivua kamba yake takatifu, anaitupa, na kwenda kukaa na Siliya. Alichokosa Tagore kumpa Gora, yaani uchaguzi, Premchand amempa mtu asiye shujaa hata kidogo.

Na Hira? Anarudi baada ya miaka, amekonda, amepitia hata hospitali ya wendawazimu, na anaanguka miguuni pa kaka yake. Furaha ya Hori ni kama ya mtu aliyeshinda vita vyote alivyoshindwa. Muda si mrefu anaanguka akifanya kibarua juani. Watu wanasema ng'ombe atolewe. Dhania analeta anna 20 alizopata kwa kuuza kamba, anaziweka katika mkono wa mumewe unaopoa, na kumwambia Datadin kwamba nyumbani hamna ng'ombe wala ndama wala fedha. Hii ndiyo zawadi. Anna 20 ni rupia moja na anna nne, kiasi kilekile cha faini ya Bombay mwaka 1888. Haishangazi sana, kwa kuwa rupia moja na robo huhesabiwa kuwa kiasi cha baraka katika desturi za Wahindu; lakini msomaji wa historia hawezi kukipita bila kusimama. Msamaha wa kweli wa kitabu hiki umekwisha kutolewa bure, ndugu kwa ndugu. Bei inabaki kwa kasisi.

Tukiruka hadi 1965, tunamkuta U. R. Ananthamurthy akiandika kwa Kikannada riwaya fupi *Samskara*. Hapa ugomvi umeingia ndani ya nyumba ya kasisi mwenyewe. Naranappa, Mbrahmini aliyekula nyama na kuishi na Chandri, mwanamke wa tabaka la chini, amekufa kwa tauni. Nani amchome? Mpaka azikwe kwa moto, jirani zake hawaruhusiwi kula. Mwanachuoni Praneshacharya anatafuta jibu vitabuni, halipati. Anamwuliza Mungu hekaluni, hajibiwi. Kisha usiku msituni analala na Chandri, na mamlaka yake yote inamtoka. Wakati wenye elimu wanabishana, Chandri anamtafuta mfanyabiashara Mwislamu, naye anauchoma mwili usiku. Riwaya inamwacha Praneshacharya garini, akirudi kijijini kuungama, bila kutuonyesha kama aliungama. Filamu iliyotengenezwa kutokana nayo ilizuiwa kwanza na wakaguzi kabla ya kuruhusiwa mwaka 1970, jambo linaloonyesha kwamba swali halikuwa la zamani.

Tumeiacha hadi mwisho riwaya ya 1950, *Pinjar*, yaani kiunzi cha mifupa, aliyoiandika Amrita Pritam kwa Kipunjabi, kwa sababu inaleta mamlaka ya tatu: dola. Pooro, msichana wa Kihindu, anachukuliwa kwa nguvu na Rashid, Mwislamu, ambaye jamaa zake wanalipiza kisasi: zamani waliipoteza nyumba yao kwa wakopeshaji wa ukoo wa Pooro, na shangazi yake Rashid alishikwa na mmoja wao. Deni tena. Pooro anatoroka usiku hadi kwao, na wazazi wake wanamfungia mlango. Amechafuka, hakuna kafara wanayothubutu kuifanya. Anarudi kwa mtekaji wake, kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Ni kosa kukiita kitabu hiki, kama wengi wanavyofanya, kisa cha mwanamke aliyesamehe. Neno hilo Pooro hatamki. Tunachokiona ni Rashid akibeba kosa lake mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1947, nchi inapogawanywa, akienda kwa farasi usiku kumwokoa Lajo, wifi yake Pooro, kama alivyowahi kumchukua Pooro mwenyewe kwa farasi. Wakati huo India na Pakistan zilikubaliana, Desemba 1947, kuwarudisha wanawake waliotekwa, na Gandhi na Nehru waliwasihi Wahindu wawapokee. Kaka yake Pooro anampokea Lajo mkewe. Wazazi walikataa kwa binti mmoja. Miaka michache baadaye maelfu walipokelewa, kwa sababu sasa aibu ilikuwa ya taifa zima.

Kaka huyo anamwambia Pooro naye apande gari. Anakataa, anabaki na Rashid na mwanawe. Sheria ya India ya 1949 juu ya watu waliotekwa iliwahesabu waliotenganishwa na jamaa zao tangu tarehe 1 Machi 1947, na iliruhusu mwanamke achukuliwe hata akikataa. Ilidumu hadi 1957. Pooro alitekwa miaka mingi kabla ya tarehe hiyo. Hakuna serikali iliyomdai arudi, wala iliyomdai asamehe, na mlangoni pa kwao alikwisha kubisha.