Kutoka Moshi hadi Moto: Ushirikiano wa Kimataifa wa Kuachana na Nishati za Kisukuku, 1992–2025

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Hata hivyo, kwa takribani miaka thelathini diplomasia ya tabianchi ilijadili moshi na kukwepa kuutaja moto. Mkataba Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992 ulizitaja nishati za kisukuku hasa kwa nia ya kuzihurumia nchi ambazo uchumi wake hutegemea mapato yatokanayo nazo. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, wenye ibara 29, haukutaja makaa ya mawe, mafuta wala gesi asilia.

Makala haya yanadai kuwa ukimya huo haukutokana na uhaba wa maarifa, kwani ripoti ya kwanza ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 1990 ilikwisha kubainisha chanzo cha tatizo. Chanzo cha ukimya kilikuwa utaratibu wa maamuzi. Kwa kuwa nchi wanachama hazikuwahi kuafikiana juu ya kanuni ya upigaji kura, maamuzi hupitishwa kwa maafikiano ya wote. Hivyo, nchi zinazouza mafuta zilipata uwezo wa kuzuia neno lolote lisilozipendeza.

Mabadiliko yalianzia pembeni. Mwaka 2017, Uingereza na Kanada zilianzisha muungano wa nchi zilizo tayari kuacha umeme wa makaa ya mawe, na mwaka 2021 Denmark na Kosta Rika zikaanzisha muungano kama huo kuhusu mafuta na gesi. Miungano hii haikuhitaji ridhaa ya wasiotaka. Katika mkutano wa Glasgow wa mwaka 2021, makaa ya mawe yalitajwa hatimaye katika uamuzi wa pamoja. Lakini dakika za mwisho, kwa pendekezo la India, “kukomesha” kukageuzwa kuwa “kupunguza”. Mwaka 2023, mkutano wa Dubai ulizitaka nchi zichangie juhudi za kuhama kutoka kwenye nishati za kisukuku katika mifumo ya nishati, kwa haki na kwa utaratibu.

Ni rahisi kuilaumu India kwa badiliko la Glasgow. Lawama hiyo inasahau kwamba uamuzi uligusa makaa ya mawe, tegemeo la India na China, ukayaacha mafuta na gesi, tegemeo la mataifa mengi tajiri. Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, baada ya kunufaika na umeme huo tangu mwaka 1882. Afrika Kusini, kwa upande wake, iliahidiwa dola bilioni 8.5 mwaka 2021 ili iharakishe safari hiyo. Marekani, mmoja wa waahidi, ilijitoa mwaka 2025.

Kwa hiyo, historia hii haipaswi kusomwa kama safari ya kutafuta kitenzi kikali zaidi. Neno lilipatikana Dubai. Kilichosalia bila jibu ni swali lililojificha katika mkataba wa mwaka 1992: nani atabeba gharama za anayeambiwa aache? Pasipo jibu la kuaminika, kila kitenzi kitakachoafikiwa kitabaki wino juu ya karatasi.