Njia ya Kushukia Ziwani

Wasikilizaji wetu, watu wa Kingerikiti na wa nchi yote iliyo kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa wajua vema ya kuwa nchi yao ni ya miteremko. Milima ya Umatengo hupanda kupita meta 1,500 juu ya bahari, na uso wa ziwa haufiki meta 500. Leo twataka kueleza jinsi watu walivyoshindana na miteremko hiyo.

Asili yake ni ya zamani mno. Ziwa letu limo katika Bonde la Ufa. Hapo nchi ilipasuka, upande mmoja ukadidimia, na miamba ya ukingoni ikabaki na nyufa nyingi. Upande wa kaskazini, Milima ya Livingstone imesimama karibu wima juu ya maji; kwa hiyo tangu kale njia kuu ya watu wa pwani ilikuwa ziwa lenyewe. Hata vita vilifuata njia hiyo: mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, hapo Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen.

Wamatengo nao, walipobanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, walitegemea kilimo cha ngoro. Nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba, hufunikwa kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kupokea mvua. Maji yasipopata mbio hayana nguvu ya kuchukua udongo.

Wajenzi wa barabara hufuata hekima iyo hiyo. Akataye ubavu wa mlima huondoa mguu unaoutegemeza. Mvua ikiingia katika nyufa, udongo huwa mzito na mwamba huteleza, hasa matabaka yake yakiinamia barabarani. Basi hukata mteremko kwa ngazi, huchimba mtaro juu yake ili kugeuza maji, hujenga kuta za mawe yaliyofungwa katika nyavu za waya, na hushindilia kifusi tabaka kwa tabaka.

Huenda mtu akauliza: mbona mlima usitobolewe? Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina mahandaki zaidi ya 20, na mengi yako kati ya Mlimba na Makambako. Lakini handaki ni kazi ya gharama kubwa. Mwamba mzima hujishikilia wenyewe, bali uliovunjika hauna budi kuvikwa zege upesi. Tena garimoshi haliwezi kupanda mteremko mkali, motokaa yaweza. Ndiyo sababu barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, ya kilometa 66, huzunguka vilima wala haipiti chini yake. Rais John Magufuli aliiwekea jiwe la msingi mwezi wa Aprili 2019, na sasa ina lami.

Walakini lami siyo mwisho wa kazi. Mtaro ukizibwa kwa majani, maji huiingia barabara na kuila ukingoni, hata siku moja njia hukatika: mgonjwa hafiki hospitali, wala kahawa haifiki sokoni. Basi sisi tulio jirani na barabara tusilime hata ukingoni mwake, na mitaro tuizibue kabla ya masika. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nchi yetu ya nyufa, neno hilo ni kweli tupu.