Mahali pa Dirisha la Mazungumzo: Historia ya Mamlaka juu ya Kioo cha Kompyuta

Neno 'dirisha', ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiajemi, limepata katika muda wa nusu karne maana isiyokuwako zamani. Hapo kwanza lilikuwa uwazi ukutani wa kupitishia hewa na mwanga; leo ni pia eneo la mstatili katika kioo cha kompyuta, ambamo programu huonyesha kazi yake. Miongoni mwa madirisha hayo mna aina moja yenye tabia ya pekee: dirisha la mazungumzo, yaani lile dogo linalojitokeza kumwuliza mtumiaji kama ataka kuhifadhi waraka wake, au kumwonya kwamba faili i karibu kufutwa. Aghalabu mtumiaji halifungui dirisha hili kwa hiari yake, humjia. Mgeni wa pwani hupiga hodi, akangoja kuonyeshwa pa kukaa. Je, dirisha la mazungumzo huonyeshwa mahali pake na nani? Swali hili laonekana dogo, lakini historia yake ni historia ya mamlaka, na wadai wake ni watatu: mtunzi wa programu, mfumo unaotawala kioo, na mtumiaji mwenyewe.

Chimbuko la jambo hili ni kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, Marekani. Huko iliundwa mwaka 1973 kompyuta iliyoitwa Alto, na juu yake Alan Kay, Dan Ingalls na wenzao walijenga lugha ya Smalltalk, iliyoonyesha madirisha yanayolaliana kama karatasi mezani. Uhuru huo ulikuwa na gharama. Ilionekana kwamba watumiaji walipoteza muda mwingi kupanga na kupangua madirisha. Kwa sababu hiyo, Xerox ilipoitoa kompyuta ya Star mwaka 1981, madirisha makuu hayakuachwa yalaliane. Mfumo uliyapanga bega kwa bega. Zile karatasi ndogo za kuonyesha sifa za kitu, ambazo ni jamaa wa karibu wa dirisha la mazungumzo, ndizo zilizoruhusiwa kuwafunika wenziwe. Yaani hata pale sheria ilipokuwa kali, dirisha la kuuliza lilipewa ruhusa ya pekee.

Katika kituo hicho hicho Larry Tesler alipinga kwa nguvu mtindo wa kumfungia mtumiaji katika hali moja asiyoweza kutoka mpaka ajibu anachoulizwa. Upinzani wake wasaidia kuelewa kwa nini mahali pa dirisha ni jambo zito. Dirisha la mazungumzo lenye kuzuia husimamisha kazi nyingine zote za programu hadi lijibiwe. Likijificha nyuma ya dirisha jingine, au likitokea nje ya mpaka wa kioo, mtumiaji huona programu imekufa, kumbe inamngoja yeye. Wengi hukata tamaa wakaizima mashine, na kazi isiyohifadhiwa ikapotea. Kosa la mahali laweza basi kuwa na madhara sawa na kosa la hesabu.

Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kioo cha nukta 512 kwa 342, wala hapakuwa na kingine. Watunzi wa programu waliandika mahali pa kila dirisha la mazungumzo kwa nambari: umbali kutoka ukingo wa kushoto na umbali kutoka ukingo wa juu. Maadamu vioo vyote vilikuwa sawa, desturi hiyo haikumdhuru mtu. Lakini mwaka 1987 ilikuja Macintosh II, iliyoweza kutumia vioo vikubwa zaidi, na hata zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Nambari zilizofaa jana sasa ziliyatupa madirisha katika pembe ya juu kushoto, mbali na macho ya mtumiaji. Mwaka 1991 mfumo uitwao System 7 ulileta dawa: mtunzi aliweza kutaja kanuni badala ya nambari. Aliweza kuagiza dirisha liwekwe katikati ya kioo kikuu, au katikati ya dirisha lililolizaa, au katika mahali maalumu pa maonyo, ambapo takriban sehemu moja ya tano ya nafasi iliyo wazi hubaki juu ya dirisha na iliyosalia chini yake.

Windows ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 1985, ilifuata njia yake. Toleo la kwanza lilipanga madirisha makuu bega kwa bega, lakini madirisha ya mazungumzo yaliruhusiwa kuelea juu yao. Mahali pake palihesabiwa kuanzia dirisha mzazi, na kipimo chake chastahili kuangaliwa na mwanaisimu: hakikuwa nukta, bali herufi. Kizio cha upana kilikuwa robo ya upana wa wastani wa herufi, na kizio cha kimo kilikuwa thumni ya kimo chake. Hivyo mwandiko ulipokuzwa, dirisha lilikua pamoja nao.

Kule chuoni MIT ulizaliwa mwaka 1984 mfumo wa X, ambao haukukubali kuwa na sera. Uliitenga kazi ya kupanga madirisha, ukaikabidhi programu nyingine, yaani msimamizi wa madirisha. Kanuni zilizoafikiwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kujulikana kwa kifupi kama ICCCM zilipambanua kwa makini mahali palipotakwa na mtumiaji na mahali palipopendekezwa na programu. Nambari zaweza kuwa zile zile, lakini uzito wake si mmoja: agizo la mtumiaji lina heshima kuliko pendekezo la programu. Aidha, programu iliweza kutangaza kwamba dirisha fulani ni la muda na lina bwana wake, ili msimamizi aliweke karibu naye.

Lugha ya Java ilipata mwaka 1998 maktaba ya Swing, ambamo mtunzi aliweza kuamuru dirisha likae katikati kwa kulinganishwa na jingine; asipolitaja hilo jingine, dirisha hukaa katikati ya kioo. Mtego wake ulikuwa katika utaratibu. Amri ikitolewa kabla dirisha halijapimwa, upana wake huwa bado sifuri, na pembe yake ndiyo ikaayo katikati badala ya dirisha zima. Hapa tafsiri inaingia moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Sentensi iliyotafsiriwa haina urefu wa sentensi ya asili, na dirisha linaloichukua hubadilika ukubwa. Mtunzi aliyehesabu kitovu kwa Kiingereza chake huwa amekosea kwa Kiswahili. Hapana budi maneno yapangwe kwanza, dirisha lipimwe, ndipo mahali pake patafutwe.

Katika miaka iliyofuata mamlaka yaliendelea kuutoka mkono wa mtunzi. Mwaka 2001 Mac OS X ilianzisha dirisha la mazungumzo linaloteremka kutoka kichwa cha dirisha mzazi na kushikamana nalo, hata likahama pamoja nalo. Java yenyewe iliruhusu, mwaka 2004, mahali pa dirisha paachiwe mfumo. Hatua ya mbali zaidi ni Wayland, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg. Chini ya kanuni zake za kawaida, programu haijui dirisha lake liko wapi katika kioo, wala haina njia ya kuliamuru liende nukta fulani. Huweza kutaja mzazi tu. Maktaba ya GTK ilipotoa toleo lake la 4 mwaka 2020, iliziondoa zile amri za zamani za kusogeza dirisha.

Mabadiliko haya hayakupokewa bila malalamiko. Programu zenye madirisha mengi hutaka kuyarejesha pale mtumiaji alipoyaacha jana, na ombi hilo ni la haki. Mfumo nao una hoja yake: kioo cha jana chaweza kuwa kimechomolewa leo, na dirisha likirejeshwa huko halitaonekana.

Yadhihirika basi kwamba safari yote imekuwa ni kutoka nambari hadi uhusiano. Mtunzi wa mwaka 1984 alisema dirisha likae wapi; wa leo husema ni la nani. Tofauti hiyo yafanana na ile ya sarufi baina ya kutaja mahali na kutaja umilikaji, na imethibitika kuwa ya pili hudumu zaidi. Vioo hubadilika, vipimo hubadilika, na lugha za watumiaji hubadilika. Lakini swali likishajua limeulizwa kwa sababu ya kazi gani, mahali pake pa kusimama hupatikana.